Maswali ya Karakana: Stendi ya Simu Inayosimama Kweli

SWALI: Ndugu mafundi, nimetengeneza stendi ya simu kwa kipande kimoja cha ubao. Mfereji nimeukata ukiwa umelala digrii 20 kutoka wima, una kina cha milimita 12 na upana wa 13. Simu yangu pamoja na kava ina unene wa milimita 10. Inalala kuliko nilivyopanga, na nikiigusa kwa juu inapinduka pamoja na stendi. Nimekosea wapi?

JIBU: Pembe umeipatia, upana ndio umekuponza. Kwenye mfereji wenye kina cha milimita 12, kila milimita moja ya nafasi ya ziada huilaza simu karibu digrii 5 zaidi. Wewe umeacha milimita 3, kwa hiyo simu yako imelala kama digrii 34. Hapo uzito wake unaenda nyuma sana, na kidole kinamalizia kazi.

Huna haja ya kutupa kipande hicho. Gundisha ukanda wa ngozi au ubao mwembamba wa milimita 2 kwenye ukuta wa nyuma wa mfereji, tatizo litaisha. Safari nyingine ibane simu na kava lake katikati ya vipande viwili vya mbao, pima mwanya uliopo baina yao, kisha ongeza milimita 1 tu.

Angalia pia kitako. Simu yenye urefu wa milimita 160 ikilala digrii 20, ncha yake ya juu hurudi nyuma milimita 55 hivi. Nyuma ya mfereji acha milimita 70. Ubao wa urefu wa milimita 100, upana wa 80 na unene wa 25 unatosha: 18 mbele, 11 za mfereji, zinazobaki nyuma.

Kuhusu kukata, usiamini jicho. Chonga kipande cha mbao chenye ubavu wa digrii 20, kibane kwa jiliwa kwenye mstari, na msumeno uegemee hapo. Bandika utepe kwenye bapa la msumeno, milimita 12 juu ya ncha za meno. Utepe ukigusa mbao, simama. Njia ya msumeno ibaki ndani ya mistari yako miwili, la sivyo mfereji utapanuka na utarudi kwenye tatizo lilelile. Katikati kata mara tatu au nne zaidi, kisha ondoa mabaki kwa patasi ukianzia pande zote mbili kuelekea kati. Ukisukuma patasi moja kwa moja hadi upande wa pili, ukingo utabanduka vipande.

SWALI: Ukingo wa mbele wa stendi yangu umekatika. Niliuacha milimita 8. Je, mbao ilikuwa mbovu?

JIBU: Mbao haina kosa. Mfereji ukilala nyuma, chini yake husogea mbele. Kwa digrii 20 na kina cha milimita 12, husogea zaidi ya milimita 4. Kwa hiyo ukingo uliouona una milimita 8 kwa juu, shinani una chini ya 4, na shinani ndiko simu inakosukuma. Acha 18 kwa juu. Kipande kilichokatika, kama kingo zake ni safi, kipake gundi nyeupe ya mbao, kirudishe, kibane usiku kucha. Kitashika.

SWALI: Nataka kuchaji simu ikiwa imesimama. Nitoboe tundu?

JIBU: Kwenye ubao wa milimita 25, chini ya mfereji zimebaki 13 tu, na kichwa cha waya wa kawaida ni kirefu kuliko hapo, kitagonga meza. Tumia waya wenye kichwa kilichopinda, au gogo la milimita 45. Badala ya tundu, kata mwanya wa upana wa milimita 15 kutoka mbele hadi ndani ya mfereji, waya uingie bila kupenyezwa. Njia rahisi kabisa ni kuilaza simu ubavu: tundu la chaji linabaki pembeni, wazi.

SWALI: Nipake nini mwishoni?

JIBU: Piga msasa namba 120, halafu 220, ukifuata nyuzi za mbao. Paka mafuta ya kitani kidogo kidogo, ngoja dakika 15, futa yote yaliyobaki juu. Yakiachwa yatanata kwa siku nyingi na kuchafua kava. Ndani ya mfereji paka safu nyembamba tu.

Tunasisitiza hili: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kinaweza kushika moto chenyewe. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulifungia ndani. Kitandaze nje, kimoja kimoja, hadi kikauke kabisa, au kiloweke majini kabla ya kukitupa. Usikiache kamwe kwenye ndoo ya taka ya karakana.