Ni "el aceite", na msiniulize tena

*Kwa Kihispania, aceite (mafuta) ni "el" ya kiume au "la" ya kike? Leche (maziwa) nayo inaishia na e, lakini ni "la".* (Tanga)

El. Hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka. Hiyo e ya mwisho haikwambii kitu. Kariri neno pamoja na el au la yake. Mgeni akisema "kiti yangu" unamcheka, sivyo? Basi na wewe utachekwa.

*Linatamkwaje?* (Nakuru)

Sehemu kubwa ya Hispania ni "atheite", th ya thelathini. Mexico na Amerika ya Kusini ni "aseite". Chagua moja, usichanganye.

*Mwalimu wetu anasema Kihispania chote kimetoka Kilatini. Aceite pia?* (Dar es Salaam)

Chote? Mwalimu kazidisha chumvi. Aceite ni Kiarabu, az-zayt, mafuta ya zeituni. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho, ikaanguka 1492. Muda wote huo lugha yao iliingia mpaka jikoni. Neno la Kilatini halikufa, limebaki óleo: la wachoraji, na la mapadri kwa mafuta matakatifu. Kikaangoni ni aceite. Mti wenyewe una jina la Kilatini, olivo, ila tunda lake ni aceituna, ndugu wa damu wa zeituni yetu.

Ile a ya mwanzo ni al-, yaani "el" ya Kiarabu (mbele ya z na s husikika az-, as-), iliyomezwa nzima nzima. As-sukkar wakaifanya azúcar. Sisi tukachukua sukari, al- tukaiacha hukohuko. Kwa hiyo "el aceite" ina "el" mbili, moja imejificha. Msiwacheke. Sisi tulipokea kitab, tukaiona ki-, tukazaa vitabu.

*Naenda Sevilla. Manteca nayo ni mafuta ya kupikia tu?* (Zanzibar)

Ni mafuta, lakini ya nguruwe! Hispania ukisikia manteca tupu, elewa hivyo. Siagi ni mantequilla. Ukifika Buenos Aires mambo yanageuka, manteca ndiyo siagi. Ndiyo maana nachukia kamusi za simu: zinakupa neno, hazikupi nchi. Biskuti za Krismasi ziitwazo mantecados, kwa asili yake, hukandwa kwa manteca hiyohiyo. Geuza pakiti usome kwa macho yako. Ukiona "manteca de cerdo", rudisha rafuni.

*Oili ya gari nayo ni aceite?* (Mwanza)

Ndiyo. Petroli ni gasolina.