Maswali ya Wasomaji: Anakumbukwaje Asiyepiga Chombo?

SWALI: Mwandishi wa safu hii, salaam. Mimi ni mlezi wa bendi ya vijana wa kanisa letu huku Mbagala. Tuna tarumbeta kumi na moja, ngoma tano na jozi moja ya matoazi. Hivi karibuni kijana mmoja alituonyesha kwenye simu video za mashindano ya vikosi vya ngoma na tarumbeta vya Marekani, na tangu siku hiyo mazoezi yamegeuka ubishi, kwa kuwa kila mmoja anataka awe dramu meja, yaani kiongozi wa bendi, ili arushe fimbo. Nimezitazama zile video mara nyingi, nami naona kiongozi wao hata fimbo hana: anasimama juu ya jukwaa akipunga mikono, na bado watu wanamshangilia. Mtu asiyepiga chombo chochote anakumbukwa kwa lipi, na je, ana alama zake mwenyewe? — *Mlezi wa bendi, Mbagala*

JIBU: Ndugu mlezi, macho yako yameona sawasawa. Mashindano hayo husimamiwa na chama kiitwacho Drum Corps International, ambacho fainali zake za kwanza zilifanyika mwaka 1972 katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin, na kikosi cha Anaheim Kingsmen cha California kikatwaa ubingwa. Kikosi kimoja huwa na vijana wasiozidi 165, wapiga tarumbeta za aina zote, wapiga ngoma na wachezeshaji wa bendera. Humkuti mwenye saksafoni wala filimbi. Wengi wao hupiga huku wakitembea, wakikimbia na kubadili maumbo uwanjani kwa muda wa dakika kumi hivi, na hapo ndipo taabu inapoanza.

Taabu yenyewe ni kwamba sauti huchelewa. Husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na uwanja wao, ambao ni wa kandanda ya Kimarekani, una upana wa karibu mita 49. Kwa hiyo aliye nyuma kabisa akipiga kwa wakati mmoja na mwenzake wa mbele, watazamaji watamsikia akiwa amechelewa kwa sehemu moja ya saba ya sekunde. Utasema hicho ni kitu kidogo. Katika muziki wa mapigo 160 kwa dakika, kitu hicho kidogo ni zaidi ya theluthi ya pigo, na kinatosha kuufanya wimbo mzuri usikike kama mabati yanayoanguka. Ukitaka kulishuhudia jambo hili bila kwenda Marekani, mpeleke kijana mmoja kwenye goli la mbali la kiwanja cha shule apige matoazi, nawe simama kwenye goli la huku: utaziona sahani zikikutana, kisha ndipo mlio ukufikie.

Basi dramu meja wa vikosi hivyo ana kanuni ambayo mtu wa pembeni angeiona ni ya kichaa, nayo ni kutoyaamini masikio yake mwenyewe. Yeye huitazama miguu ya wapiga ngoma walio katikati ya uwanja, na mkono wake hushuka pale nyayo zao zinapogusa nyasi, si pale mlio unapomfikia. Wapiga tarumbeta walio mbele ya ngoma huipokea sauti inayotoka nyuma yao na kuiweka ya kwao juu yake, ilhali waliotawanyika pembeni, ambao wakisikiliza watapotea, huufuata mkono. Akitetereka kidogo, akaanza kuufuata mlio anaousikia, mkono wake unachelewa, wanaoutazama wanachelewa, mlio unazidi kuchelewa, na kabla ya dakika kwisha kikosi kizima kimelala. Fainali za miaka hii, ambazo tangu mwaka 2009 zimekuwa zikifanyika Lucas Oil Stadium mjini Indianapolis, huongeza mtihani wa pili, kwa sababu uwanja ule una paa linalofungwa na kila mlio humrudia kiongozi mara ya pili kutoka kwenye kuta.

Kuhusu alama, hana fungu lake. Jumla ni alama 100, ambazo 40 ni za mvuto wa onyesho zima, 30 za mambo yanayoonekana na 30 za muziki, na kazi ya dramu meja imefichika ndani ya hizo zote. Ipo hata hivyo tuzo maalumu ya uongozi wanayopewa madramu meja, iliyopewa jina la Jim Jones, mwanzilishi wa kikosi cha Troopers cha Casper, Wyoming. Naona neno hilo uongozi limechaguliwa vema, kwa maana vikosi hivi huzunguka majira yote ya kiangazi vikisafiri usiku kwa mabasi na kulala kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule, na mtu anayewaamsha wenzake waliochoka wakaamka bila kinyongo hutegemea heshima aliyojijengea muda mrefu kabla ya siku ya fainali.

Ninyi wa mbali mnachokiona ni saluti. Kabla ya onyesho mtangazaji humuuliza dramu meja kama kikosi chake kiko tayari, naye hujibu kwa saluti tu bila neno. Kila kikosi kina saluti ya kwake, na mashabiki huzibishania kama watu wa Msimbazi na Jangwani wanavyobishania jezi.

Onyesho linalotajwa mno katika jambo hili ni la mwaka 2008, pale Phantom Regiment ya Rockford, Illinois, ilipoigiza habari za Spartacus, mtumwa aliyewaasi Warumi. Dramu meja hakubaki nje ya hadithi: aliingizwa ndani yake kama mhusika, na mwishoni akachomwa mkuki wa maigizo. Siku ya fainali, huko Bloomington, Indiana, kikosi hicho kilipata alama 98.125 na Blue Devils wakapata 98.100. Tofauti hiyo ya 0.025 ndiyo iliyotoa bingwa, na watu hadi leo huusimulia mkuki. Mimi naamini mkuki ule ungekuwa kichekesho kama mikono ya mtu yule haikuwa imewashikilia vijana mapigo yao kwa dakika zote zilizotangulia.

Vijana wako lakini hawakukosea kuipenda fimbo. Bendi za vyombo vya ulinzi tulizozoea kuziona kwenye gwaride la sherehe za tarehe 9 Desemba humfuata kiongozi aliyewapa mgongo, kwa hiyo fimbo ndefu yenye kichwa cha shaba ndiyo inayowaambia waanze, wageuke au wasimame. Bendi inayotembea nyuma ya kiongozi wake inahitaji fimbo. Inayopiga huku ikimtazama inahitaji mikono. Amueni kwanza ninyi ni bendi ya namna gani. Kisha wapime wanaowania nafasi hiyo kwa njia isiyo na upendeleo: wasikilizishe mapigo 120 kwa dakika kwenye simu, izime, kila mmoja aendelee kuhesabu kimoyomoyo na kunyosha mkono anapofika 120. Atakayenyosha karibu zaidi na sekunde ya 60 ndiye wa kuanza naye, hata kama hajawahi kurusha fimbo maishani.

SWALI: Marehemu babu alikuwa akisema mashindano ya bendi si mageni hapa mjini, na alikuwa akitaja Arinoti na Marini. Alikuwa anatania? — *Mjukuu, Magomeni*

JIBU: Hakuwa anatania. Hayo yalikuwa makundi mawili hasimu ya ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikafika Tanga na Dar es Salaam, na Vita Kuu ya Kwanza ikaipeleka bara pamoja na askari na wapagazi. Wanachama walivaa sare, wakatembea kwa gwaride na kupeana vyeo vya kuigiza, majenerali na wafalme, na kila kundi likajitahidi kulifunika lingine. Tofauti na madramu meja tuliowataja hapo juu, mwenye cheo katika beni alitakiwa aonekane, tena aonekane sana.

SWALI: Binti yangu wa miaka 15 alikataliwa kuongoza bendi ya vijana kwa maelezo kwamba ni mfupi. Ni sababu ya haki? — *Mama wa binti, Ilala*

JIBU: Mama, kwa anayeongoza kwa fimbo barabarani urefu una msaada wake, maana wa safu ya mwisho lazima waione. Kwa anayeongoza kwa mikono, sababu hiyo haina miguu: hata mrefu wa huko Marekani hupandishwa jukwaani, kwa kuwa hakuna binadamu anayeonekana na watu mia moja na zaidi waliotawanyika uwanjani akiwa amesimama chini. Waulize walimu wake kama walimpima kwa mapigo au kwa futi. Wakisema tatizo ni kimo tu, seremala wa Keko atawagongea jukwaa la mbao la mita moja na nusu lenye ngazi nyuma na uzio wa kiunoni, nalo likishasimama imara atakayepanda awe yeyote anayejua kuhesabu.