Siku mbili za mikutano, utatembea saa ngapi?

Umeuliza kama siku mbili za mikutano ugenini zinaacha nafasi ya kutembea. Zinaacha, ila usitegemee mchana. Tegemea alfajiri. Ukishavuka majira ya saa kuelekea magharibi, mara nyingi mwili utakuamsha mapema wenyewe. Vaa raba utoke, uone mji unavyoamka, maduka yakifungua milango na barabara zikiwa bado zimelowa maji ya kufagilia. Saa hiyo naipenda kuliko zote.

Jioni tafuta makumbusho yanayochelewa kufunga. British Museum ya London, kwa mfano, Ijumaa hufunga saa 2:30 usiku. Louvre ya Paris Jumanne haifunguliwi kabisa, kwa hiyo angalia kwanza. Chagua kitu kimoja tu!

Bosi akikubali, sogeza tiketi ya kurudi siku moja mbele, hoteli ujilipie. Hakikisha tu viza haiishi kabla ya siku hiyo.