Nguvu kwenye tai chi: mimi nashika njia ya kulegea

Mkuu, umeuliza kama ubebe vyuma na kupiga gunia ili tai chi yako, hii sanaa ya kujihami ya Kichina, iwe na nguvu, au uendelee na miondoko ya taratibu ambayo wenzako wa jimu wanaicheka kuwa ni ya wazee. Mimi nilianzia Zhengzhou nikiwa mwanafunzi. Mji huo uko jimbo la Henan, China, na humo humo Henan ndiko kiliko kijiji cha Chenjiagou, ambako wengi wanaanzia historia ya mchezo huu, karne ya 17, kwa mzee Chen Wangting. Jibu langu ni fupi: shika njia laini, vyuma visubiri.

Tatizo la kuanza na vyuma ni bega. Mtu aliyezoea kusukuma uzito, ukimwambia amsukume mwenzake, mabega yanapanda yenyewe, kifua kinajaa, pumzi inabanwa. Nguvu inayotoka hapo ni ya mkono peke yake. Maandishi ya zamani ya tai chi yanasema mzizi uko miguuni, nguvu inatokea mapajani, inaongozwa na kiuno na kujitokeza vidoleni. Bega lililokazwa ndipo inapokatikia njiani.

Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Mguu mmoja mbele, kiganja ukutani usawa wa kifua, kiwiko kimekunjika kidogo na kinatazama chini. Sukuma kama ulivyozoea, halafu usikilizie unyayo wa nyuma. Hauna kazi yoyote. Sasa toa pumzi, acha bega lishuke, ila mkono ubaki na umbo lake. Kandamiza ardhi kwa mguu wa nyuma na ugeuze nyonga kidogo tu. Mzigo utahamia unyayoni na kiganjani, na bega halitalalamika tena. Hiyo ndiyo nguvu unayoitafuta, ikiwa bado changa.

Angalia lakini, nimesema mkono ubaki na umbo lake. Wapo wanaosikia "legea" wakanyong'onyea kabisa, kiwiko kinabandikwa ubavuni, mwenzake akigusa tu anakunjika. Wachina wana neno peng kwa kile kinachotakiwa: mkono unaobonyea lakini unarudisha, kama tairi la baiskeli lenye upepo wa kutosha.

Wala usidhani laini maana yake raha. Mwalimu wetu alikuwa anatusimamisha magoti yamekunjwa, mikono mbele ya kifua kama umekumbatia mti, na kazi ni kusimama tu. Mapaja yakianza kutetemeka, mabega yanapanda kuyasaidia bila mwenyewe kujua. Hapo mzee anapita nyuma yako, anakugusa begani kwa kidole kimoja, anaenda zake. Hasemi kitu. Ukishusha bega, mapaja yanawaka maradufu. (Goti lielekee vidole vinakoelekea, na ugeukie nyonga. Ukigeuzia goti utalijutia.)

Kuhusu zile ngumi za kishindo unazoona kwenye video za mtindo wa Chen, ni za kweli na zimo ndani ya mchezo. Fomu yao ya pili (fomu ni mfululizo wa miondoko uliopangwa), iitwayo paochui, ina kuruka na kukanyaga kwa nguvu. Ila wao wenyewe wanaanza na fomu ya kwanza, ambayo sehemu kubwa inachezwa taratibu. Ukikimbilia kishindo viungo havijaungana, kiwiko ndicho kinachopokea pigo lako mwenyewe. Fomu fupi ya miondoko 24, iliyotungwa China mwaka 1956 kwa ajili ya afya ya umma, ni mwanzo mzuri, lakini ukiishia hapo bila mtu wa kusukumana naye, nguvu utaisikia kwa jirani.

Kusukumana mikono ndiko kunakosema ukweli. Mtu anakuja na nguvu zake zote, unageuza kiuno, anakukosa, na katika kule kuyumba kwake ndipo unapomsukuma. Video za wanafunzi wanaoruka mita tatu bila kuguswa achana nazo, wale wanarushwa na heshima kwa mwalimu wao. Mwaka 2017 kule Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa MMA (mapigano ya mchanganyiko wa mitindo), alimmaliza Wei Lei wa tai chi chini ya nusu dakika. Watu wakasema ulaini umeshindwa. Mimi naona aliyeshindwa ni mtu asiyezoea kupigwa, na kama nia yako ni ulingoni, hakuna ulaini utakaokuepusha na gunia na kupigana mazoezini.

Kama huwezi kuacha vyuma, cheza fomu kwanza, vyuma baadaye, maana ukitoka kwenye vyuma mabega hayashuki. Na ukikosa mwenzako wa tai chi mtaani kwako, tafuta mtu wa judo. Hajui majina ya miondoko yetu, lakini ukikaza mkono tu atakung'oa, na hicho ndicho unachohitaji kwa sasa.