Uliza Ticha: Naanza kozi ya kuongea Kiingereza, nitegemee nini?

Karibuni tena jamani. Meseji za mwezi huu karibia zote zimeuliza kitu kimoja, darasa la kuongea likoje huko ndani, maana ukipita njiani unaona bango tu na watu wanaingia na madaftari. Mi nafundisha darasa la jioni la kuongea hapa Dar mwaka wa 11 sasa, kwaiyo barua ya kwanza naijibu kwa urefu, zingine nitaenda haraka.

Ticha shikamoo. Mi ni dada wa mapokezi kwenye hoteli moja ndogo Arusha mjini. Nimemaliza form four, Kiingereza nilipata C, nikisoma naelewa vizuri tu. Ila mgeni akisimama pale kaunta akaanza kuongea, maneno yote yananikimbia nabaki natabasamu namuita meneja. Jumatatu naanza kozi ya jioni. Je nitasimamishwa mbele? Ninunue kitabu cha grama? Na wakinicheka je?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usijione mjinga, hiyo C ni ya kwako kihalali. Ila angalia ulivoipata: miaka saba ya shule ya msingi umesoma kwa Kiswahili, form one ghafla baiolojia kwa Kiingereza, jografia kwa Kiingereza, ticha anaandika ubaoni kwa Kiingereza afu anageuka anawaelewesha kwa Kiswahili, we unakopi noti, mtihani unaujibu kwa kalamu. Miaka minne yote macho yamesoma, mkono umesoma, mdomo haukuitwa hata siku moja. Ndo maana kaunta pale unaelewa kila kitu na hutoi neno. Sa kozi unayoenda ni ya mdomo, na mambo yake hayafanani na ya sekondari hata kidogo.

Siku ya kwanza, kama darasa ni zuri, viti haviangalii ubao, vimewekwa duara au wawili wawili mnatazamana. Ticha atakaa na kila mtu dakika mbili tatu, unaitwa nani, unakaa wapi, jana ulifanya nini, wikiendi una mpango gani. Utaona kama anapiga stori tu, kumbe ile "jana" anasikiliza kama unaweza kusema kitu kilichopita, na ile "wikiendi" anasikiliza kitu kijacho, afu ndo anajua akuweke na nani. We ongea tu ulivozoea, usikariri kitu nyumbani, maana ukimpa sentensi za kukariri atakuweka kundi la juu na wewe ndo utateseka.

Kusimamishwa mbele kupo, lakini sio mwanzoni. Mwanzoni kazi nyingi ni za wawili. Kuna zoezi mi nalipenda sana, mmoja anapewa ramani yenye majina ya sehemu, mwenzie anapewa ramani ileile ila tupu, hamruhusiwi kuonyeshana, mpaka muulizane posta iko wapi, ukitoka stendi unakata kushoto au kulia, mpaka ile tupu ijae. Lingine mnakaa mmepeana migongo kama mnaongea kwenye simu, kwa sababu uso kwa uso sote tunajisaidia na mikono na macho, ukimpa mtu mgongo ni maneno tu yamebaki. Wewe wa mapokezi hilo litakufaa kuliko yote, mana simu za bukingi ndo zinazowatesa.

Na kutakuwa na kelele. Watu 16 wanaongea wote kwa pamoja, utasema uko soko la Kilombero. Wanafunzi wangu wengi wiki ya kwanza wananiambia ticha mbona hufundishi, unatembeatembea tu na kidaftari. Kwenye kile kidaftari naandika makosa yenu. Ticha anayejua kazi hakukati katikati ya sentensi, anakuacha umalize, afu mwisho anaandika ubaoni sentensi tano sita bila jina la mtu na mnazirekebisha wote. Ukikuta darasa ambalo ticha ndo anaongea dakika 50 katika 60, hiyo ni hotuba, tafuta kwingine, na usione aibu kuhama.

Sasa makosa yenyewe. Mengi sio ya grama kama mnavofikiri, ni Kiswahili chetu kinachoingia na viatu. Kikubwa kabisa ni "he" na "she", sisi tuna "yeye" mmoja kwa baba na mama, kwaiyo "my mother, he is sick" inatoka yenyewe hata kwa mtu mwenye digrii. Hilo haliishi kwa kuelewa, unalielewa siku moja ila linaisha kwa kuongea miezi, usikate tamaa.

La pili ni ndiyo. Mgeni anakuuliza "You don't have a room?" na kweli vyumba vimejaa, we unajibu "Yes", kichwani kwako ni "ndiyo, hatuna". Yeye kasikia vipo! Anashusha mabegi kwenye teksi. Kwa Kiingereza hapo ni "No, we don't". Hili nalirudia kila muhula na kila muhula kuna mtu anashika kichwa, anakumbuka siku aliyogombana na mtu bila kujua kwanini.

La tatu saa. Nilikuwa na mwanafunzi dereva wa watalii, aliambiwa kwa simu akawachukue wageni "two o'clock". Akasikia two, mbili, akaenda saa mbili asubuhi na gari imeoshwa, amevaa shati jeupe, akakaa getini pale mpaka saa nane mchana, masaa sita, kuzima gari anaogopa wasije wakatoka. Alivotuhadithia darasani hakuna aliyecheka, kila mtu alikuwa anahesabu ya kwake. Tangu siku hiyo saa tunaifanya mwanzo wa kila kipindi, namtupia mtu "half past four" ananirudishia saa kumi na nusu, bila kuhesabu vidole.

Afu kuna adabu. Sisi tuna "naomba" na sauti ya upole inamaliza kazi, ukiipeleka hivohivo inakuwa "Give me your passport", mgeni anaona kama yuko polisi. Jifunze "Could I have your passport, please?" mpaka itoke usingizini. Na "pole" haina ndugu kule kabisa. Mtu akijikwaa tunamwambia "sorry", Mwingereza anajiuliza huyu ndo kaniangusha? Muulize "Are you all right?" inatosha.

Matamshi usiyaogope. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20, lazima zikupotee. Wewe anza na za kazini kwako. "Sheet", yaani shuka, ivute kabisa, ukiifupisha inakuwa tusi. "Receipt" ile p haitamkwi. "Hotel" mkazo uko mwisho, sisi kwenye hoteli tumezoea kuubonyeza silabi ya pili kutoka mwisho kama karibu kila neno letu. Na kuna zawadi tuliyo nayo wengi hatujui: anayesema thelathini na dhahabu vizuri tayari ana zile "th" mbili ambazo Wafaransa na Wajerumani wanazihangaikia. Kama kwenu ni selasini na zahabu, rudi kwanza ukairekebishe huko kwenye Kiswahili, ulimi utoe kidogo katikati ya meno, Kiingereza kitafuata.

Kuchekwa. Hapa naongea kwa uchungu. Mwaka mmoja alikuja fundi magari, mtu mzima, mikono ina grisi ambayo haitoki tena, akajaribu kueleza kwanini amechelewa, wadada wawili wakacheka. Hakusema neno wiki tatu. Anakuja, analipa, anakaa, anaandika, anaondoka. Kosa lilikuwa langu maana niliacha lipite. Sa hivi sheria ya siku ya kwanza kwangu ni moja, sentensi ya mwenzio inamalizika, kicheko baadae kama mwenyewe amecheka. Yule fundi alirudi kuongea siku nilipompa aeleze jinsi ya kubadilisha breki pedi, akaongea dakika sita, hapo kila mtu alikuwa mwanafunzi wake. Kwaiyo Jumatatu ukiona unabanwa, ongelea kaunta yako, pale hakuna anayekuzidi.

Kitabu cha grama usinunue kwanza. Nunua kidaftari cha kuingia mfukoni, kila siku kazini andika kitu kimoja ulichoshindwa kusema, njoo nacho darasani. Hicho ndo kitabu chako.

Ticha, kozi yetu huku Morogoro ukisema neno la Kiswahili faini ni mia mbili. Ni sawa? Mi nimeanza kunyamaza ili hela isiishe.

Umeshajijibu mwenyewe mdogo wangu, faini imekufundisha kunyamaza. Wengi wetu tumekulia kwenye shule zilizobandika mabango ya kuongea Kiingereza tu, wengine tumepigishwa deki kwa sababu ya Kiswahili, na hatukutoka waongeaji. Mi Kiswahili naruhusu kwa kazi moja, kuuliza: "ticha, 'nimeghairi' kwa Kiingereza nasemaje?" Ukipewa, unarudia sentensi yako nzima kwa Kiingereza. Mwambieni ticha wenu kwa heshima mkiwa kundi, sio mmoja mmoja, mwombe faini iwe ni kurudia sentensi badala ya hela. Anaweza akakubali, wengi wanafanya hivo kwa sababu ndivo walivofanyiwa.

Bango linasema miezi mitatu unaongea kama mzungu. Kweli?

Hapana. Tupige hesabu: siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu, wiki 12, hayo ni masaa 54. Watu wa mitihani ya Cambridge wenyewe wanakadiria kutoka sifuri mpaka ngazi ya A2, ile ya kujieleza mambo madogo ya kila siku, masaa ya kufundishwa kama 180 mpaka 200, na B1, ngazi inayofuata, kama 350 mpaka 400. Wewe uliyepita sekondari hauko sifuri, kwaiyo miezi mitatu inaweza kukutoa kwenye kunyamaza mpaka kwenye kujibu, na hiyo ni hatua kubwa sana. Lipia ukijua unanunua hiyo.

Mimi ni nesi, nataka kufanya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Darasa la kuongea la kawaida litanitosha kwa ile sehemu ya kuongea?

Litakupa ujasiri, ila ule mtihani una sura yake uizoee. Ni dakika 11 mpaka 14, wewe na mtahini mmoja, mnarekodiwa. Kwanza anakuuliza mambo yako, kwenu, kazi. Afu anakupa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa na karatasi na penseli, unaongea mwenyewe mpaka dakika mbili bila kusaidiwa. Mwisho mnajadili mada hiyohiyo kwa kina. Lafudhi yako ya Kitanzania sio kosa, wanachosikiliza ni kama unaeleweka, maneno hayakwami kila saa, msamiati unatosha na sentensi zimekaa.

Pale pa dakika mbili ndo watu wengi wanaishiwa sekunde ya 40. Mwambie ticha akupe kadi moja kila kipindi, mbele ya wenzio. Nyumbani weka simu irekodi, mada ya kwanza iwe mgonjwa ambaye humsahau (jina lake usilitaje): alikuja lini, alikuwa na hali gani, ulimfanyia nini, akaondokaje. Siku inayofuata isikilize, halafu ieleze tena upya bila kusoma popote.