Je, Waromania wa Goma walikuwa mamluki?

Umeuliza kama Waromania wapatao 280 waliokodiwa kusaidia jeshi la Kongo dhidi ya waasi wa M23, wakavuka kutoka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kuingia Rwanda tarehe 29 Januari 2025, wakipekuliwa mmoja mmoja mpakani, walikuwa mamluki kisheria. Ibara ya 47 ya Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita (Itifaki ambayo, kwa kweli, inahusu vita baina ya mataifa), inataka masharti sita yatimie kwa pamoja, likiwamo la kushiriki mapigano moja kwa moja na la kuahidiwa malipo yanayozidi mno yale ya askari wenyeji wa cheo kama hicho. La malipo huthibitishwa kirahisi. Lakini anayeandikwa “mkufunzi” kwenye mkataba hupata mwanya wa kulikana lile la mapigano, hata kama alionekana handakini na bunduki.