Wanafunzi hawaji kwenye utambulisho wa maktaba, nifanyeje?

Ndugu mkutubi, umesema wiki ya kwanza ya chuo, ulipowaonyesha wanafunzi wapya jinsi ya kutumia maktaba, ukumbi ulikuwa nusu tupu, na wachache waliokuja wakajaza fomu ya maoni kwa neno moja: "nzuri". Usijilaumu. Wiki ile mwanafunzi anahangaika na usajili, malazi na ratiba. Kumfundisha kutafuta makala za majarida wakati huo ni kumpa mwavuli siku ya jua, atausahau mahali.

Mimi ningeigawa shughuli. Wiki ya kwanza dakika 20 tu: kitambulisho kinatumikaje, vitabu vinaazimwa vipi, wa kumuuliza ni nani. Mambo ya hifadhidata (mikusanyo ya makala ya kutafutia kwenye kompyuta) na kunukuu vyanzo yasubiri mpaka kazi ya kwanza itolewe, kisha mwombe mhadhiri akupe sehemu ya kipindi chake. Hapo watakusikiliza kwa sababu wana shida. (Kulazimisha mahudhurio kwa alama kunajaza viti, sawa, lakini wengi watakuwa kwenye simu.)

Kuhusu maoni, swali la "umeridhika?" huleta majibu ya adabu, basi. Wape kijikazi: watafute kitabu kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, waandike namba yake ya rafu. Utaona mwenyewe wanakwama wapi. Halafu waulize swali moja, nini bado kinawatatiza, na ulirudie baada ya wiki kadhaa, wakishaanza kuandika kazi zao.

Na wasiohudhuria je? Maoni yao ndiyo unayoyakosa hasa. Utawapata kaunta, wakija kuuliza yale yale uliyoyafundisha.